Jibu Lisilojua Kunyamaza

Mugure alikuwa na majivuno kidogo juu ya kazi yake, na tusimlaumu, maana katika ofisi nzima ya ushirika wa wafugaji mjini Kajiado hapakuwa na mwingine aliyejua kompyuta inakula nini. Mwaka ule wa 2003 mashine ya barua pepe ya ushirika aliiunda mwenyewe, kwa vipuri vya kuokoteza na maombi. Chuoni hakufundishwa hata nusu ya hayo. Mengi alifundishwa na Baraza.

Baraza lilikuwa kikundi cha mafundi wa kompyuta waliotawanyika nchi nzima, wakikutana kwa barua pepe tu. Ukituma barua moja kwenye anwani ya Baraza, inawafikia wote. Huyu amekwama Garissa, yule anamjibu kutoka Eldoret, na kila aliyesaidiwa hurudi kueleza ni kipi kilichomkwamua. Mugure hakuwahi kumwona hata mmoja wao kwa macho. Lakini siku diski ya ushirika ilipokufa na mauzo yote ya ng'ombe, ni Nashipae, mwanamke wa benki moja huko Rongai, aliyemshika mkono kwa maandishi mpaka kila kitu kikarudi. Naye Isaak, msimamizi wa Baraza, mtu mkali asiyesifu ovyo, akamsifu mbele ya wote. Ofisini walimwambia tu, "Kwani ilikuwa imezima?"

Sasa Mugure alikuwa anaolewa na Bedan, kijana mwenye lori la kubeba mawe ya machimbo. Kabla ya kuanza likizo aliitengenezea mashine yake jibu la kujiendesha, ili yeyote atakayemwandikia ajibiwe papo hapo. Angeweza kuandika kwamba hayuko ofisini, basi. Lakini furaha haina breki. Akaandika: "Salamu! Siko ofisini. Naolewa Jumamosi nyumbani kwetu Kitengela, nyuma ya soko, geti ya bluu. Ukiwa na shida, vumilia."

Akasahau jambo ambalo kila mgeni wa Baraza hukanywa siku ya kwanza: jibu la kujiendesha lisiachwe lizungumze na Baraza. Ijumaa asubuhi mtu mmoja akauliza habari za printa. Mashine ya Mugure, kwa adabu zake, ikalijibu Baraza. Baraza likasambaza jibu hilo kwa wote, Mugure akiwemo. Mashine ikaona barua mpya, ikajibu tena. Mmewahi kuona wazee wawili wa Kimaasai wakisalimiana barabarani, huyu "Sopa," yule "Epa," kila mmoja akiona haya kuwa wa kwanza kunyamaza? Ndivyo ilivyokuwa, ila wazee huchoka.

Mugure alikuwa saluni Kitengela, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, Mureithi alipompigia simu. Mureithi alikuwa karani wa ushirika, ndiye aliyeachiwa funguo za ofisi.

"Mugure, hii mashine yako imeshinda ikinguruma. Taa zinawaka, zinazima. Kuna watu wanapiga simu wananiuliza harusi ni saa ngapi."

"Watu gani?"

"Sijui. Wengi. Mmoja alikuwa amekasirika sana lakini akasema hongera."

Mugure akaruka kutoka kitini. "Mureithi, chomoa waya ya simu. Ile iko huko nyuma. Sasa hivi!"

"Nimechomoa."

"Imenyamaza?"

"Hapana. Lakini manager ametoka kwa ofisi yake, anauliza nani amekata simu yake."

"Mureithi! Ile ingine!"

Mashine iliponyamaza, Mugure hakungoja kumaliziwa nywele. Alikimbia na kichwa chake kile mpaka saiba, duka la intaneti lililo karibu na steji ya matatu, akaketi, akaandika barua ya kuomba msamaha. Alijua alichowafanyia. Wengi wao walilipia mtandao kwa dakika, kwa simu zinazojikokota, na yeye alikuwa amewajazia harusi yake maelfu ya mara. Akaituma barua. Ikarudi saa hiyo hiyo: "Barua yako imekataliwa. Wewe si mwanachama wa Baraza."

Isaak alikuwa amemfukuza. Mugure alilia pale pale, mbele ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi za ng'ambo. Hakulia kwa sababu ya aibu pekee. Baada ya fungate angerudi Kajiado kukaa peke yake na mashine ile, na siku itakapomshinda hangekuwa na mtu duniani wa kumuuliza.

Nyumbani mama yake, Roda, alipoona yale macho alidhani mengine kabisa. "Ni Bedan? Amebadilisha nia?"

"Si Bedan, Mum. Ni Baraza. Wamenitoa."

"Hao ni akina nani?"

"Marafiki zangu. Wale wamenifunza kazi. Sijawahi kuwaona."

Roda alimgusa paji la uso kana kwamba anapima homa. "Kesho unaolewa, unalilia watu hujawahi kuona? Enda umalizie nywele, mama. Bwana harusi asije akadhani tumembadilishia bibi."

Jumamosi asubuhi geti la bluu lilifungwa kwa kufuli, kama desturi inavyotaka, na Roda akasimama nyuma yake na mashangazi wanne. Watu wa bwana harusi wakifika hawafunguliwi hivi hivi. Huimba, wakakataliwa, wakaimba tena, mpaka akina mama wa upande wa msichana watosheke. Kumbe waliotangulia kufika hawakuwa wa bwana harusi. Gari dogo jeupe la abiria, limepakwa vumbi la barabara ya Namanga, lilisimama nje, wakateremka watu kumi na kitu: Wasomali, Wakamba, mama wa Kimaasai aliyevaa shanga juu ya suti, kila mtu na lake.

"Imbeni!" mashangazi wakaamuru.

Wageni wakatazamana. "Sisi si wa bwana harusi," akasema yule mama wa Kimaasai.

"Basi mnamjua bibi harusi?" Roda akauliza.

"Tunamjua sana."

"Mmeonana wapi?"

"Bado hatujaonana."

Mashangazi wakacheka hadi wakashikana. Roda peke yake hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja kwenye nafasi za geti, kisha akafungua kufuli mwenyewe, wakaingia.

Mugure aliyaona hayo kutoka dirishani, akasahau kwamba bibi harusi haonekani kabla ya kuchukuliwa. Akatoka mbio na gauni lake akilishika kwa mikono miwili. Mbele alisimama kijana mwembamba, shati limefungwa hadi shingoni, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeomba maji.

"Mimi ni Isaak," akasema. Mugure alikuwa amemdhania mzee mwenye ndevu. "Dada, nilikutoa jana. Ilibidi, ungetumaliza. Abdihakim hapa ameshinda kwa cyber huko Garissa akifungua harusi yako moja moja, akitafuta barua ya kazi. Akaona heri apande basi ya usiku aje aone yenyewe."

"Nisameheni," Mugure akasema, na poda yote ikaanza safari ya kidevuni.

"Wacha nimalize. Mtu akitolewa, harudi mpaka wanachama wawili wamdhamini. Kwa kawaida wanaandika tu. Lakini tulisema kwa huyu, tuje tusimame." Akawageukia wenzake. "Nani anamdhamini Mugure?"

Yule mama wa shanga aliinua mkono kwanza, na Mugure akajua huyo ni Nashipae kabla hajatajiwa jina. Abdihakim akainua. Wakainua wote. Na pale getini, kufuli mkononi, Roda naye akainua wake juu kabisa.

"Mama," Isaak akasema kwa heshima, "wewe si wa Baraza."

"Basi niandike leo," Roda akajibu. "Msichana wangu hana kaka hata mmoja. Jana alikuwa analia ati ameachwa peke yake, na mimi nikamwona mjinga."

Hapo honi za lori la Bedan zikasikika kutoka upande wa soko, na matarumbeta nyuma yake. Roda akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akawasukuma wageni wote hadi getini, Isaak mbele, akafunga kufuli na kutia ufunguo kifuani. "Nyinyi ni wa upande wetu. Simameni hapa, na asiingie mtu mpaka niseme."

Bedan aliimba sana siku hiyo.