Moduli Inayomtegemea Mama

Fundi wa kompyuta wa kampuni ya bima alisakinisha moduli ndogo, yaani kipande cha programu, ya kupanga tarehe. Kompyuta iliposema iko tayari, kwenye kiti cha wageni alikuwa amekaa mama mmoja mwenye aproni, mwiko mkononi.

"Hamjambo," alisema. "Nani hajanywa chai?"

Fundi akasoma maelezo. Mwandishi wa moduli, kijana aliyeitoa bure kwa yeyote, alikuwa ametaja kila kitu ambacho kazi yake inakitegemea, kama wenzake wote wanavyofanya. Alitaja moduli nyingine mbili na, kwa kuwa alilelewa vizuri, mama yake. Fundi alipojaribu kumwondoa mama, tarehe zilivurugika, wateja wakawa wanazaliwa baada ya kufa. Basi akamrudisha na kumtafutia kitambulisho.

Mama akachungulia skrini. "Mbona sioni jina la mwanangu?"

Meneja, mtu wa maneno matamu na mkono mrefu, alikuwa ameagiza lifutwe liwekwe lake. "Tunalishughulikia, mama," alisema.

"Shukrani ya punda mateke," alisema mama. "Ila sikujua na nyinyi mna kwato." Kisha akawachemshia chai, maana hasira na chai ni vitu viwili tofauti.

Nyumbani, kijana alitoka kuoga akakuta mchuzi unaungua na jikoni hakuna mtu. Alijua moja kwa moja kwamba kuna aliyeisakinisha moduli yake. Akaifuata mpaka kwenye lango la kampuni ya bima. Mlinzi alitazama kompyuta.

"Aliyeiandika ni meneja. Wewe nani?"

"Mimi mwana wa yule mama wa humo ndani."

"Ndugu yangu, kila mtu ni mwana wa mama."

Kijana alirudi nyumbani na uchungu, na njaa juu yake. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kuisakinisha moduli yake mwenyewe. Ya nini, na ameiandika yeye? Akaisakinisha. Mama akatokea jikoni, ingawa kule bima alikuwa bado anamgombeza mhasibu kwa kuruka chakula cha mchana. Hakuna aliyeshangaa. Moduli hunakiliwa, hazipungui.

Mama aliuonja mchuzi, akakunja uso, akaongeza maji.

"Wameliandika jina lako?"

"Bado, mama."

Saa hiyohiyo, kule bima, mama alikuwa anamuuliza meneja swali hilohilo.

"Tunalishughulikia, mama," alisema meneja, akasogeza kikombe aongezewe chai.