Koki ya Chini

Siku hiyo wifi yangu alikuja kazini amevaa viatu vya kufunika. Nilipaswa kushtuka palepale. Tangu niolewe katika familia ile sikuwahi kumwona na kitu kingine mguuni zaidi ya ndara. Hata kwenye harusi yangu alikuja na ndara, makusudi, ili nijue napokelewaje.

Karakana yetu inatengeneza makasha ya kompyuta. Si yale ya feni, yanayovuma kama mashine ya kusaga. Yetu yanapozwa kwa maji: pampu inayasukuma kwenye mipira, yanapita kwenye vyuma vyenye joto, kisha yanarudi kupoa kwenye rejeta. Mimi nachora. Wifi anashika mfuko. Katikati yupo mume wangu, yaani kaka yake, ambaye hukunja bati, na ambaye kila tukianza kurushiana maneno huiwasha mashine yake ili asisikie.

Safari hii tuligombania koki. Tulikuwa tumewaazima watu makasha ya mfano wakae nayo, wayatumie, watuambie ukweli. Wakatuambia. Maji yale lazima yabadilishwe mara kwa mara, na kasha halikuwa na pa kuyatolea. Ilibidi ufungue kifuniko cha tangi juu, ulinyanyue kasha zima na vioo vyake viwili, ulipindue juu ya beseni. "Ni kama kumwogesha ndama," mmoja alinitumia sauti. Mwingine aliapa hatabadilisha maji tena mpaka yaingie vyura. Nikachora koki ndogo chini, pembeni. Unaifungua, maji yanatoka yenyewe.

Wifi aliutazama mchoro kama mtu aliyeletewa panya kwenye sahani.

"Koki, na mpira wake, na tundu la kutobolewa, na mtu wa kuikaza. Nani analipa?"

"Watumiaji ndio wameomba, wifi."

"Mchagua jembe si mkulima. Hao wameazimwa bure, na wa bure hakosi neno."

"Maji yako chini. Wayatoeje?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wainame."

"Kasha ni zito!"

"Basi wale washibe, ndipo wanyanyue."

Mashine ya mume wangu ikaanza kunguruma.

Mwenye duka aliyetaka kununua mzigo wote wa kwanza alikuwa anakuja kesho yake. Atakachokubali yeye ndicho kitakachotengenezwa, na bei alishaipanga, hapandishi. Wifi akapaza sauti juu ya mashine: "Nitayamwaga mimi mwenyewe mbele yake! Likidondoka tone nje ya beseni, weka koki yako. Lisipodondoka, usinitajie koki tena maishani."

Nikakubali haraka. Yule mwanamke hajawahi kumimina chai bila kulowesha kisosi.

Basi asubuhi akaja na viatu vyake vya kufunika. Mwenye duka akakaa kwenye benchi. Wifi akafungua kifuniko, akalikumbatia kasha kama anayempakata mtoto, akalipindua. Maji ya kijani yakashuka kwenye beseni kama uzi. Halikudondoka hata tone. Akalirudisha chini, akapangusa mikono mikavu.

"Mimi sina diploma," alisema, macho kwangu. "Nani atashindwa?"

Mwenye duka akapiga makofi. "Sasa koki ya nini, kina dada? Tusaini."

Koki yangu ilikuwa imekufa. Lakini kitu kilinikera. Goti lake la kushoto lilikuwa limeingia chini ya kona ya kasha bila kupapasa, na kidole gumba kikakaa kwenye mdomo wa tangi kama kimezaliwa pale. Nikamtazama kuanzia kichwani hadi chini.

"Wifi, vua viatu."

"Una wazimu?"

"Vua."

"Mbele ya mgeni?"

"Kwenye harusi yangu wageni walikuwa ukumbi mzima, na ndara zako hukuzionea haya. Vua!"

Mashine ikazimika. Mwenye duka, mpenda mambo, akainama aone vizuri. Wifi si mtu wa kuvuliwa. Alivirusha mwenyewe, kimoja kikagonga ukuta.

Miguu ilikuwa ya kijani mpaka kwenye vifundo. Rangi ya maji yetu haipauki wala haitoki kwa sabuni, na sisi wenyewe hujisifia hivyo kwa wateja.

"Jana ulimwaga mara ngapi kabla hujaweza?"

Akainua kidevu. "Mara zote. Isipokuwa ya mwisho."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika benchi. "Wateja wangu watamwaga hizo mara zote kwenye mazulia yao, halafu mazulia wataniletea mimi! Weka koki, dada. Ila bei ni ileile."

"Umesikia?" Wifi alikuwa ananizunguka peku. "Bei ni ileile. Koki imeingia. Nini kinatoka?" Akaweka kiganja kwenye kioo cha upande wa pili, kile nilichokichora ili mwanga upenye kasha zima. "Hiki."

"Hicho hapana! Watumiaji wamekisifu."

"Wamekisifu, ndiyo. Nani amesema anakitazama? Upande huo, wote wameugeuzia ukutani. Nimesikiliza sauti zako zote, wifi, mpaka ya vyura. Ulidhani mimi kazi yangu kuhesabu tu?"

Nilifungua simu. Hata kwenye picha walizonitumia, ukuta ulikuwa palepale.

"Weka bati," nikasema.

"Mumeo hajasikia."

"Weka bati!"

Mashine ikawaka.

Sasa makasha yanatoka na koki chini, kioo kimoja, na bati upande wa ukutani. Yananunuliwa. Shukrani hajanipa, nami sijampa. Kioo kilichotolewa kwenye kasha la mfano alikibeba, akakifungia miguu ya chuma, kikawa meza ofisini kwake. Kila nikienda kuomba saini anakitua kikombe cha chai juu yake, polepole, kilie, ili nione.

Naona. Amerudia ndara zake, na chini ya kioo vidole vingali vya kijani.

"Unatazama nini?" huniuliza.

"Kioo, wifi. Ni kisafi."

Naye hairudishi miguu nyuma hata kidogo.