Mabega ya Tatul

Simu ya mwanangu ilikuwa haipatikani tangu alfajiri. Nilikuwa nimeipiga mara nyingi hadi kidole kikawa kinabonyeza chenyewe, hata nikiwa nimeshika sindano ya kuchongea mawe. Yule mwanamke wa mtandao wa simu alinijibu kila mara kwa sauti laini, kama anauza sabuni. Ningempata ningemzaba kibao.

Jumanne ile ya Septemba mpaka wetu wa mashariki uliamka ukiwaka moto. Redio ilitaja Jermuk, ikataja Vardenis, ikataja Sotk. Ilipotaja Sotk nikaizima. Tatul wangu, miaka kumi na tisa, alikuwa kwenye kituo juu ya milima hiyo, na alikuwa amebakiza miezi minne tu amalize jeshi.

Mimi ni mchoraji. Nalisema hilo kwa ukaidi, maana brashi zangu zimekauka. Zamani nilichora nyumba za mji wetu wa Gyumri zilizopasuliwa na tetemeko, na viti vilivyobaki bila watu, na picha zile zikafika mpaka kwenye maonyesho ya Marseille mara mbili. Kisha vikaja vita vya siku arobaini na nne, miaka miwili kabla ya Jumanne hiyo, vikala vijana wetu. Jirani akaniletea picha ya mwanawe, akaniomba nimchonge kwa mkono kwenye jiwe jeusi la kaburi, kwa sababu mashine inawafanya vijana wote wafanane. Ningemkataaje? Akaja wa pili, akaja wa kumi. Bwana wa Marseille aliyezionyesha picha zangu bado ananiandikia: picha mpya ziko wapi? Ziko makaburini, bwana. Njoo uzitazame.

Lakini nina siri. Vijana wengi hawakuacha picha ya sare ya jeshi. Kuna picha ya harusini, ya ufukweni ziwa Sevan, ya jezi ya mpira. Wazazi wanataka sare. Basi mimi nachonga uso wa marehemu, kisha natoa kwenye droo picha ya Tatul ya siku alipokula kiapo, na kuanzia shingoni kwenda chini namchonga yeye. Kwetu hakuna mama anayeweka kijana wake aliye hai juu ya jiwe la kaburi. Mimi nilikuwa nimemweka mara tisa.

Na jiwe la tisa lilikuwa mbele yangu. Nililitazama. Nikasema kwa sauti, peke yangu: Mungu, akipiga simu, sitayagusa mabega yake tena. Hata jiwe moja.

Mlango ukafunguliwa. Ni Gegham mwoka mikate na mkewe Satenik. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwaita. Nuru ya macho huwa naiweka mwisho, tundu moja dogo kwa kila jicho, na wazazi huwa wamesimama hapo. Hovik wao alikufa vita vile vya siku arobaini na nne, mwili ukachelewa kutambuliwa, na jiwe likachelewa vilevile.

"Dada Nvard, mbona umepauka hivyo?" Gegham akaniuliza, akiweka mkate wa moto mezani. "Unga wangu umejipaka usoni?" Watu wa Gyumri tunatania hata msibani.

"Tatul hapatikani," nikasema.

Satenik akanishika mkono asiuachie. Gegham akaligeukia jiwe ili asinitazame mimi. Akalitazama sana.

"Uso ni wake kabisa," akasema. "Lakini haya si mabega ya Hovik. Hovik mabega yake yalikuwa sawasawa kama ubao wangu wa kusukumia unga. Huyu bega la kushoto limeshuka."

Tatul alianguka kutoka juu ya paa la gereji akiwa na miaka tisa, akavunjika mfupa wa bega. Haukuunga vizuri.

"Umemweka nani juu ya jiwe la mwanangu, Nvard?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa naogopa mno hata uongo ulinikataa. "Wangu," nikasema. "Mabega ni ya Tatul. Nisamehe, kaka Gegham. Nitalifuta, nitaanza jiwe jipya."

"We mwanamke una kichaa?" Gegham alifoka, uso umemwiva. "Mtoto yuko hai, unamlaza makaburini!"

"Gegham, basi!" mkewe akamkatiza. "Humwoni anavyotetemeka?"

Hapo simu ikalia. Namba nisiyoijua. Niliiangalia ikilia, sikuweza kuigusa. Nilijua wakipiga maofisa wa jeshi kuleta msiba huwa ni namba usiyoijua. Satenik ndiye aliyeibonyeza, akaniwekea sikioni, sauti ikisikika chumba kizima.

"Mama? Mama, ni mimi. Nimeazima simu, nina dakika moja."

Nikakaa sakafuni penye vumbi la mawe. Satenik alianza kulia na kucheka pamoja, yeye ambaye simu yake haikulia. Gegham alivua kofia.

"Umeumia?" nikauliza.

"Mimi mzima. Mama, nisikilize. Vaghinak amekufa. Yule mrefu, ulitutumia soksi mimi na yeye. Wazazi wake watakuja kwako, nimewaelekeza. Hana picha ya sare, siku ya kiapo alikuwa na homa." Nikasikia anavuta pumzi. "Mpe mabega yangu. Kama wale wengine."

"Unajua?"

"Mama, nilikuja likizo, nikaenda makaburini kuwasalimia uliowachonga. Bega langu silijui? Utampa?"

Niliikumbuka ile ahadi yangu kwa Mungu, haijafikisha hata nusu saa. Hofu iliniambia kataa, kataa haraka kabla simu haijakatika.

"Nitampa," nikasema.

Simu ikakatika. Kisha Gegham akainama, akaokota sindano niliyoiangusha, akanipa.

"Usilifute," akasema. "Malizia macho."

Niliielekeza ncha kwenye jicho la Hovik. Satenik akanishika kifundo cha mkono, nikagonga.