Kiti cha Kushoto

Ifahamike kwanza kwamba Chaser ya Clemens haikufa. Magari ya Sumbawanga yana njia zake za kufa zinazoeleweka na watu wote: kuungua injini, kuingia mtaroni, kuazimwa na shemeji. Chaser iliuzwa ikiwa hai na afya njema, mwezi wa Mei, wakati Adela yuko bweni anajifunza fizikia, na hakuna aliyemtumia hata neno la rambirambi.

Habari alizipatia stendi, siku aliyokuja likizo ya Juni. Alisimama na sanduku lake la bati, shuka la Kimasai mabegani kwa sababu ya ule upepo usiojua mgeni wala mwenyeji, akatega sikio. Chaser haikuwa na desturi ya kuja tu, ilitangazwa. Ungesikia turbo ikipiga mluzi tangu mtaa wa pili, kuku wakigawanyika, ndipo uone taa. Siku hiyo hakikutangazwa kitu. Kilikuja kidude chekundu, kifupi, hakina paa, kikasimama mbele yake kama kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Ndani alikaa Clemens, baba yake mdogo, mtu mwenye mwili wa kujaza mlango, magoti yamekaribia kidevu, uso umejaa furaha ya bwana harusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Haya, sema. Unaionaje?"

"Hili ni gari, au ni sampuli, gari lenyewe linafuata?"

Clemens alicheka mpaka kidude kikatikisika. "Mazda hiyo! Viti viwili, basi. Nguvu haifiki ya Chaser, lakini nyepesi! Kona inakata kama wembe."

"Na Chaser iko wapi?"

"Imeshuka Muze, kule bondeni. Ameichukua Mama Rosina, yule mama wa mchele."

"Imeshuka Muze kufanya nini?"

"Kuishi," alisema Clemens. "Nimeiuza, Adela. Na wewe ndiye uliyesema."

Kusema kweli, kuna kitu alikuwa amesema.

Clemens alikuwa na duka la spea karibu na soko, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, mbio. Mara chache kwa mwaka wenye ugonjwa huo hukutana upande wa Kasense, kwenye kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, ambako lami bado ipo na makontena yaliachwa yasimame kama ng'ombe wasio na mchungaji. Hupanga matairi yaliyopakwa chokaa, kisha kila gari huingia peke yake na kupambana na saa. Hakuna kumfukuza mwenzako. Adui ni sekunde. Na kwa kuwa makontena huficha kona, dereva anahitaji mtu wa kumsomea njia.

Tangu kidato cha pili, mtu huyo alikuwa Adela. Asubuhi aliutembea uwanja mzima kwa miguu na kuuweka kichwani, halafu akapanda kiti cha kushoto na kuhubiri: "Kushoto, shika! Kulia ndefu, achia! Kontena la bluu, breki sasa, sasa, sasa!" Ilikuwa sauti aliyoinoa kwenye midahalo ya shule na kwenye kumwigiza matroni gizani. Matroni alitabiri kwamba sauti ile ingempeleka pabaya. Ilimpeleka nafasi ya tatu.

Basi, likizo ya Pasaka, Chaser ilipofika kona ya mwisho ikiwa na nguvu zote za dunia, haikukata. Ilinyoosha, ikaingia kwenye mahindi ya watu, ikatoka na majani kwenye wipa. Jioni Adela alichana boksi la breki padi, akachora, akathibitisha mbele ya Clemens kwamba kitu kizito kikishaelekea mahali hakina utii, na kwamba kila kilo ni adui. Alichokuwa anakilenga ni spika mbili zilizolala ndani ya buti, kubwa kama majeneza ya watoto wa kifalme. Hitimisho lake lilikuwa fupi: toa spika. Clemens aliipenda hoja, hitimisho hakulisubiri.

Lakini Adela alisamehe. Alisamehe kabla hawajafika nyumbani Izia, sanduku la bati likiwa mapajani kwa sababu buti ya kidude ilikataa kulipokea. Alihesabu viti. Kimoja cha dereva, kimoja chake. Hakuna tena shemeji kuomba lifti, hakuna watoto wa jumuiya kupelekwa kipaimara, hakuna mtu wa tatu duniani. Gari lile lilikuwa limetengenezwa, kwa maoni yake, kwa ajili ya watu wawili wanaoelewana.

Kwa hiyo alishiriki kwa moyo wote katika kulipunguza uzito. Walitoa tairi la akiba. Walitoa jeki, redio, zulia la chini, na mwisho medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, aliyeteremshwa kwa heshima na kuwekwa kwenye kopo la misumari. Kila kilichotoka, Adela alipiga makofi.

Siku chache kabla ya mbio Clemens alilizunguka gari, akatafuna karanga, akatazama huku na huku.

"Adela, mama. Umebaki wewe."

"Nimebaki kufanya nini?"

"Kutoka."

Adela alicheka. Alipoona anacheka peke yake, aliacha.

"Kila kilo ni adui," alisema Clemens, kwa upole. "Si maneno yako hayo?"

Binti aliyewahi kuishawishi shule nzima kwamba usafi wa Jumamosi unapingana na haki za binadamu alianza kutafuta kilo nyingine za kutoa. Alijitolea kupunguza ugali, jambo ambalo katika ukoo wao ni kama kuukana ukoo. Clemens alikataa, hakutaka mtoto wa kaka yake akonde kwa ajili ya mchezo. Sheria ni sheria, Adela alijiambia, na aliyeitunga asiwe wa kwanza kuikimbia. Tena akafanya zaidi. Jioni zote zilizobaki alimwaga maharage mezani, akayapanga kuwa uwanja, akamfundisha Clemens kona moja moja mpaka akawa anazitaja amefumba macho. Alikuwa anajitoa kichwani mwake mwenyewe na kujimimina kwenye kichwa cha mwingine, na alifanya hivyo kwa furaha, kwa sababu alidhani wote wawili wanailipa bei ileile.

Jumamosi ya mbio Clemens alitangulia. Adela alifuata kwa bodaboda, kofia yake ngumu mkononi kwa mazoea tu. Alipofika, Mazda ilikuwa imeshakaa kwenye mstari, na kwa nyuma, juu ya kiti cha kushoto, aliona kichwa.

Kilikuwa kichwa kipana, hakina shingo. Alisogea. Lilikuwa gunia. Limekaa wima, limefungwa mkanda, limefungwa tena kamba za katani kiunoni lisichezecheze. Hakuhitaji kuuliza ni la nani. Ulezi wa bibi, wa msimu huu. Mdomo wa gunia Adela alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi wa bluu, na mashineni alikuwepo lilipopandishwa mizani, akapanda na yeye kwa utani, na gunia likamshinda kwa kilo tatu. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Adela!" Wilibrodi, mshika saa, alimpungia kutoka mezani kwake. "Umemwona mshikaji aliyekurithi? Hana maneno kabisa!"

Adela aliinama dirishani, ingawa dirisha lenyewe halikuwepo.

"Baba mdogo, hiki ni nini?"

"Ulezi."

"Ulezi nauona. Unafanya nini kwenye kiti changu?"

Clemens aliushika usukani kwa mikono miwili. "Nilijaribu peke yangu juzi. Gari linaelemea kwangu. Kona za kushoto, matairi ya huko yanaelea. Linataka uzito upande ule."

"Linataka uzito."

"Kidogo tu."

"Gunia hili linanizidi kilo tatu. Nilikuwepo kwenye mizani."

Clemens alirekebisha kioo ambacho hakikuwa na tatizo. "Gunia halipigi kelele, Adela," alisema, na bendera ikashuka.

Ingekuwa haki ya Mungu kama angegonga tairi moja. Hata lile dogo la mwanzo. Adela alisimama kwenye tuta la udongo, midomo ikimcheza, na kila kona aliyoinong'ona Clemens aliikata palepale iliponong'onwa. Kushoto, shika. Alishika. Kulia ndefu, achia. Aliachia. Kwenye kontena la bluu breki ziliwaka mahali penyewe, mahali ambapo juzi palikuwa na harage jekundu. Kona ya mwisho, iliyoishinda Chaser na nguvu zake zote, kidude kilipita kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano, gunia likiinama kidogo kushoto kwa adabu.

Wilibrodi alitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Kisha akapanda juu ya kiti. Hakuna gari lililowahi kwenda hivyo uwanja ule. Sekunde mbili nzima chini ya walizowahi kupata Clemens na Adela pamoja.

Watu walimiminika. Walimpigia Clemens makofi, kisha wakalipigia na gunia. Mmoja akaomba picha, na Clemens, ambaye jasho lilimtiririka katika baridi ile, aliweka mkono kwenye bega la gunia na kutabasamu. Lilikuwa tabasamu ambalo Adela hakuwa amewahi kuliona katika picha zote walizopiga wawili.

Alingoja mpaka watu walipotawanyika kwenye chai.

"Ulisema uzito," alisema.

"Nilisema."

"Nikakubali kwa sababu ya uzito. Nikakufundisha."

"Umenifundisha vizuri. Umeona mwenyewe!"

"Kumbe si uzito."

Clemens alivua glovu kidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakibanwa husema ukweli vibaya.

"Unajua wanasemaje mjini? 'Dereva ni Adela, Clemens ni usukani.' Wilibrodi ndiye aliyeanza. Dukani mtu ananunua plagi, ananiuliza, dereva wako anafunga shule lini? Na wewe uliposikia mara ya kwanza ulicheka, Adela. Ulicheka kuliko wote."

Ni kweli, alicheka. Alikuwa amelitia neno hilo hata tuni ya wimbo wa mchakamchaka.

"Ungeniambia ninyamaze."

"Ungenyamaza?"

Adela alikitazama kiti cha kushoto.

"Nina miaka arobaini," alisema Clemens. "Nilitaka mara moja tu waseme ni Clemens. Haya, yameisha. Ngoja nifungue gunia, tuliombee nafasi kwenye pikapu ya mtu, wewe ukae tukapite mjini watu wakuone." Alishaanza kuhangaika na fundo la kamba.

Waliokuwa kwenye chai walisogea na vikombe vyao, kwa sababu walimjua Adela, na walipoona amenyooka na kuweka mikono nyuma walijua kuna jambo linakuja.

"Usimsumbue," alisema Adela, kwa sauti ya kufunga mkutano wa wazazi. "Ameshazoea."

Alizunguka mpaka upande wa kushoto. Alilikaza fundo ambalo Clemens alikuwa ameanza kulilegeza. Aliuvuta mkanda, akauhakikisha. Kisha akachukua kofia yake ngumu, akalivika gunia, akaufunga ukanda chini ya mahali ambapo gunia lingekuwa na kidevu, na akarudi nyuma hatua moja.

"Mheshimiwa Gunia," alisema. "Mimi mtangulizi wako nakukabidhi ofisi. Kazi si ngumu. Kaa kimya, na usijue kitu. Ukijua, usiseme. Na ukisema, watu wasikusikie. Nakutakia utumishi mwema."

Watu walivunjika mbavu. Wilibrodi alimwaga chai. Clemens naye alicheka, kwa kuwa wote walicheka, halafu akamtazama Adela usoni, na kicheko kikamwishia mdomoni kabla ya wenzake.

"Adela. Panda, mwanangu. Twende nyumbani."

"Viti ni viwili, baba mdogo."

Chaser ilikuwa imeegeshwa mbali, karibu na barabara, vumbi mpaka kwenye vioo. Mama Rosina alikuwa ameileta mjini na mchele, akapita kuangalia hayo mambo ambayo gari lake lilikuwa likifanya ujanani. Adela alimwamkia, akaomba lifti mpaka Izia.

"Panda, mama, ila utajibanabana," alisema Mama Rosina. "Mbele yupo mama mkwe."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha kushoto kweli, kitenge magotini, na hakuonekana kuwa na mpango wa kukihama. Adela alipanda nyuma, mahali ambapo katika miaka yote hakuwahi kukaa, akajipenyeza katikati ya magunia mawili ya mchele ambayo hayakuuzwa. Ule mluzi wa turbo haukusikika. Mama Rosina alikuwa anaendesha kwa heshima ya mizigo.

Walipoingia barabarani Mazda iliwapita. Clemens mbele, na pembeni yake abiria mnyoofu mwenye kofia, anayetazama mbele bila kupepesa. Watoto wa kando ya barabara walipunga mikono yote miwili. Clemens hakupunga.

"Yule ni nani amemchukua?" aliuliza mama mkwe, akigeuza shingo.

"Msomaji wake wa njia," alisema Adela. Alikuwa amepanga kuendelea. Kulikuwa na mzaha mzima umeshajipanga ulimini, wenye cheo, mshahara na marupurupu ya yule abiria, lakini uso aliugeuzia gunia la mchele.

"Mbona unalia, mjukuu wangu?"

Adela alitaka kusema ni upepo. Lakini Chaser, tofauti na gari jipya la ukoo wao, ilikuwa na paa na vioo vinne, na vyote vilikuwa vimefungwa.