Volti za Kinu cha Bashir

Siku ya pili ya matanga, mume wangu Paulinus alijifungia chumbani na karatasi, akitafuta namna ya kumnyonga mtu kwa hesabu. Hayo ni maneno yake mwenyewe. "Mama Euphrasia," aliniambia, "huyo Yahya nitamnyonga na hesabu. Polisi wakitaka ushahidi, mimi nitawapatia."

Binti yetu Euphrasia alikufa Jumamosi kwenye kinu cha posho cha Bashir, hapa Malaba. Alisimama peku kwenye tope, akainua debe lake la mahindi, mkono ukagusa chuma cha kinu. Hakulia hata kidogo. Yahya, mwendesha kinu, alikimbia kuzima jenereta, lakini mtoto alikuwa amekwisha.

Yahya alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Polisi walimfungia kituoni, na siku hiyo ya pili wakasema kesho asubuhi watamvusha daraja wamkabidhi kwa wanajeshi wa kwao. Mwaka ule wa magendo ya kahawa hakuna aliyeuliza mtu akivushwa hivyo anapelekwa wapi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," waombolezaji walisema kwa kejeli, "huyu amekuja, mwenyeji akafa." Na mimi nilifurahi. Nilitaka afe, sitajifanya mtakatifu hapa.

Paulinus alikuwa mwalimu wa ufundi wa umeme. Alikuwa amekwenda kinuni na mita yake, akapima mota, akapima na chuma kifupi kilichofukiwa ardhini kupokea umeme unaovuja. Waya wa shaba wa usalama, uliotoka kinuni kuurudisha umeme huo kwenye jenereta, hakuupima, kwa sababu ulipita nyuma ya nyumba, majanini, na Bashir alimwambia upo.

"Angalia," alisema, akichora. Nadhani alihitaji mtu wa kumsikiliza. "Hii chuma ya kinu ndio kifundo, mahali nyaya zinakutana. Ardhi naipatia sifuri. Sasa, chenye kinaingia kwa kifundo lazima kitoke. Mota imezeeka, inavujisha umeme kwa chuma. Hapo ndio unaingilia. Unatokea kwa waya ya shaba, na kidogo kwa ile chuma iko chini. Nikijua njia zote, najua kifundo kilikuwa na volti ngapi."

Akajumlisha, akagawanya. Jibu likatoka volti nne.

Akarudia. Nne tena. "Nne haiwezi kuua hata kuku," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira, kana kwamba karatasi imemtukana. Kisha akaufuta ule waya wa shaba kwenye mchoro, akaanza upya bila huo waya. Safari hii jibu lilikuwa mia mbili.

Alivaa viatu akaenda kinuni. Aliporudi alikuwa na majani kwenye suruali.

"Ile waya imekatwa na msumeno," alisema. "Juzi juzi tu, mahali imekatwa bado panang'aa. Yahya hajaua mtu, mama. Lakini polisi watasema yeye ndiye aliuza shaba. Bila mwizi, kesho anavushwa."

Nilikuwa nimeketi kitandani, mkono wa kushoto juu ya goti. Kwenye mkono huo nilikuwa na bangili ya shaba, nyuzi tatu zilizosukwa. Mdogo wangu Ekisa alizitengeneza mbili wiki iliyopita: moja ya Euphrasia, kwa ajili ya komunio yake ya kwanza, na moja yangu. Ile ya Euphrasia tulimzika nayo.

Nje, Ekisa alikuwa anapasua kuni za matanga. Tangu Jumamosi hakuwa ametia kitu mdomoni, na kwa kilio aliwashinda wote. Nilidhani ni mapenzi tu. Na mapenzi yalikuwemo.

Ningeweza kunyamaza. Sikuwa na ndugu mwingine, na Yahya hakuwa mtu wangu. Nilikaa pale nikimchukia Yahya kwa kutokuwa na hatia, nikaona aibu. Nikaivua bangili. Ilikuwa inabana, ikanichubua kidogo. Nikaiweka juu ya karatasi, pale palipoandikwa mia mbili. Paulinus aliitazama. Hakuniuliza imetoka wapi, alijua nani aliisuka.

Nikatoka nje. "Ekisa, vaa shati. Tunaenda kituoni."

Alinitazama usoni, kisha mkono wangu mtupu. Akaweka shoka chini polepole.

"Mnampeleka wapi mtoto wangu?" mama yetu aliuliza kutoka jikoni.

Paulinus akatufuata, tukatembea watatu. Tulipolikaribia lango la kituo, Ekisa alisimama.

"Shemeji, ilikuwa volti ngapi?"

Paulinus aligeuza uso. Nikajibu mimi. "Mia mbili."

"Na ile waya kama ingekuwepo?"

"Nne."

Akakaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi. Hatukumshika. Baadaye akainuka mwenyewe, akatutangulia kuingia.