Brusketa ya Mkono Mmoja

Mama mkwe wangu alipika katika kantini ya kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na sita. Watu mia tatu kila siku, na wote walirudisha sahani tupu. Kisha asubuhi moja kiharusi kikampiga akiwa anavaa viatu vya kazini. Kilimwachia mkono wa kulia uliolegea kama tambara lililoloa, na mguu unaoburuta kidogo. Ulimi hakikuugusa, na hapo ndipo kilipokosea.

Mke wangu, kifungua mimba wake, ni mfamasia. Alimleta kwetu siku ileile alipotoka hospitali, akapanga kila kitu: vidonge kwa saa, mazoezi ya vidole, chakula kisicho na chumvi. Na jikoni asikanyage. Siwezi kumlaumu sana. Mwezi wa pili mama alijaribu kuchemsha maji ya chai, birika likamponyoka, akaungua mguu. Wakati huo nilikuwa safarini na lori. Niliporudi nilikuta kiberiti kimepandishwa juu ya kabati, mahali ambapo hata mimi nafika kwa kuchuchumia.

Alhamisi moja jioni tulikuwa watatu mbele ya televisheni. Mpishi mmoja alikuwa anaoka vitunguu saumu vizima pamoja na nyanya, kisha akavipaka juu ya vipande vya mkate uliobanikwa. Akaviita brusketa. Mama akasogea ukingoni mwa kiti.

"Hiki nakiweza," akasema.

Mke wangu akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hicho kinataka mikono miwili." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza, "Mama mdogo atakuja Jumamosi mchana kuchukua zile sufuria zako na visu. Anafungua mgahawa. Vimekaa tu stoo."

"Nani kampa?"

"Mimi. Ulikuwa umelala alipopiga simu."

Mama aliikunja midomo. "Mwenyewe sijafa," akasema, "urithi umeshagawanywa." Akainuka kwenda chumbani, akiuburuta mguu wake mpaka mlangoni.

Jumamosi mke wangu alikuwa na zamu mpaka saa sita. Lori langu lilikuwa gereji, kwa hiyo niliachiwa ulinzi. "Mwangalie," aliniambia. "Asiingie jikoni." Nikasema sawa. Geti halijatulia vizuri, mama akatokea amevaa aproni yake ya kantini.

"Mkwe wangu, leo una kazi gani?"

"Kukuangalia, mama."

"Basi niangalie. Usiniguse."

Akachukua ufagio, akaugeuza, akakidungua kile kiberiti kwa mpini. Kikaanguka kwenye sinki. Bahati, sinki lilikuwa kavu. Akafungua droo, akakitia kiberiti kwenye upenyo, akaibana droo kwa nyonga, akapiga njiti kwa mkono wa kushoto. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ikawaka, na oveni ya gesi nayo ikawaka. Hapo akagundua kwamba oveni yetu ilikuwa imejaa vikaango.

"Nyumba gani hii, oveni imekuwa kabati?" Akaizima, akavitoa kimoja kimoja, akaanza upya.

Alipanga vitunguu saumu vinne vizima kwenye trei, na nyanya kumi na mbili kando yake, akamimina mafuta ya zeituni. Niliuliza nani atavimenya.

"Leo hamenyi mtu."

Mkono wake ukaelekea kwenye kopo la chumvi, ukasita, ukarudi. "Mkeo akisema kweli namsikiliza," akasema.

Mkate ndio uliompa taabu. Aliushika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua, akauweka juu ya mkate kama mtu anavyoweka jiwe juu ya karatasi zisipeperuke. Kisha akaanza kukata. Kipande kimoja kilitoka kinene kama soli ya kiatu, kingine chembamba hata ukikitazama unaona dirisha. Jasho lilimtiririka. Sikuvumilia, nikanyoosha mkono. Akanigeukia na kisu.

"Nimesema nini?"

Nikarudi mlangoni.

Vipande vya kwanza viliungua vikawa makaa. Akavitupa, akakata vingine. Nyanya moja ilimponyoka, ikabingirika hadi chini ya friji. Akaitazama ikienda, akaisamehe. Alipoivuta trei, mkono wake uligusa ukingo wa oveni. Akafyonza, akauweka chini ya bomba, akaendelea.

Vitunguu vilikuwa vimebadilika rangi, vimelainika. Alishika kimoja kwa kitambaa, akakiminya. Punje zote zikatoka kwenye maganda yake kwa mpigo mmoja, laini kama siagi, zikadondoka kwenye bakuli. Mama akacheka. Miezi sita alikuwa kwetu, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kwa sauti ya kantini, sauti ya kufika meza ya mwisho.

Alikuwa anaponda nyanya kwa uma mke wangu alipoingia, mama mdogo nyuma yake. Mke wangu alinitazama kwanza.

"Nilikuambia nini?"

"Nimwangalie. Nimemwangalia."

Kisha akaona alama nyekundu kwenye mkono. "Mama! Umeungua tena!"

"Nimeungua. Miaka ishirini na sita nimeungua, na shule ulilipiwa. Uliwahi kunitoa jikoni?"

"Ulikuwa mzima!"

"Na sasa mimi ni nini? Marehemu?"

Mke wangu akaangusha mkoba, akalia. "Mimi ndiye niliyekuokota sakafuni siku ile ya birika. Mimi. Sitaki kukuokota tena."

Mama akaweka uma chini. Sauti ikashuka, lakini yeye hakushuka. "Uliniokota, mwanangu, na sitasahau. Ila hukuniokota ili unitie stoo na sufuria." Akamgeukia mdogo wake. "Nawe karibu ule. Vyombo vyangu havitoki."

"Dada, nimekuja na mkokoteni!"

"Rudi nao. Mkokoteni haulali njaa."

Mama mdogo akavuta kiti. Akauma, akatafuna, akakigeuzageuza kipande. "Mkate huu kakata nani, panya?"

"Kula."

Alikula vinne. Mimi nilikula sita, na nyanya ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mke wangu hakula. Alifunga jeraha la mama kwa bandeji, akaenda kulala.

Siku tatu alizungumza nasi habari za vidonge tu. Mama naye hakuomba radhi. Kila asubuhi alivaa aproni, akaingia jikoni, akapika cha mchana.

Jumatano mke wangu alirudi kutoka kazini na kipande cha mpira mzito, akakitandika mezani, mbele ya mama.

"Hiki nini?"

"Kinashika bakuli lisiteleze."

Mama akaweka bakuli juu yake, akalisukuma. Halikusogea. "Kimechelewa miezi sita."

"Basi nikirudishe dukani?"

"Jaribu," mama akasema, akaanza kukoroga.