Kiti cha Enzi Chenye Mfuniko

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na nakiri mapema kabla dada yangu hajanisemea.

Mimi ni fundi wa makochi. Dada yangu mkubwa anafundisha chekechea, akaniomba nikawasaidie watoto wake kutengeneza mataji ya karatasi, kila mtoto na lake. Nikaenda na gundi, mkasi, na kiti cha enzi nilichokiunda kwa sanduku la mbao lenye mfuniko, nikalivisha sponji na kitambaa cha rangi ya dhahabu.

"Mbona nyuma hujamalizia?" dada akauliza, akichungulia ufa kati ya mbao.

"Mfalme haonekani mgongo, dada."

"Uvivu wako huo!" Akaitwa ofisini, akatoka.

Hapo ndipo nilipojitia akili. Wakiwa wafalme wote, nani atatumwa? Nikakata taji moja tu, refu, lenye meno, nikalibandika vizibo vya soda. Wengine nikawakatia ngao za maboksi. Taji nikamvika mtoto mpole kuliko wote, yule anayeona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikatangaza kwa mbwembwe: "Mwenye taji akisema, imesemwa! Asiye na taji hajibiwi!"

Wakacheka mpaka wakagaragara. Kibinti mmoja mwenye gauni la njano, ambaye wote humwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, akapayuka: "Mfalme ana kamasi!" Kicheko kikapanda. Mfalme peke yake hakucheka.

Nikatoka uani kuosha brashi za gundi. Nikiwa bombani nikasikia kelele za darasani zinapungua, kisha zikakatika ghafla, kama mtu kazima redio. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Leo dada atanitambua!

Niliporudi, watoto walikuwa wamesimama mistari miwili, ngao vifuani. Hakuna aliyekohoa. Mfalme alikaa kitini, miguu haifiki sakafuni, macho mbele.

"Haya, waheshimiwa, maziwa tayari!"

Hakuna aliyegeuka.

"Chiriku yuko wapi?"



Nikatazama chini ya meza, chooni, nyuma ya pazia. Nikazunguka ua mzima nikiita. Lango lilikuwa na komeo lake. Nikarudi, nikamshika bega askari mmoja. "Baba, niambie, mwenzenu yuko wapi?"

Akamtazama mfalme kwanza. Mfalme akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka yule mtoto, lakini mdomo haukufunguka.

Utani ukaniishia.

"Mtukufu, shuka basi unywe maziwa."

"Mfalme hashuki," akasema. Sauti ndogo, haina hasira hata chembe.

Dada akaingia. Akatazama ngao, akatazama lile taji moja, akanitazama mimi. Kisha macho yake yakatua kwenye kiti. Mfuniko ulikuwa umebana ncha ya kitambaa cha njano. Nilikuwa nimepita pale mara ngapi, sijui.

Akalinyanyua taji kichwani mwa mfalme, akalivaa yeye.

"Shuka."

Akashuka papo hapo, akaanza kulia, mpole kama zamani.

Tukafunua. Chiriku alikuwa amejikunja juu ya mabaki ya vitambaa, nywele zimelowa jasho, viganja vyote viwili vimeziba mdomo, pua ameielekeza kwenye ule ufa. Macho yako wazi, hayapepesi. Nilidhani tumechelewa. Kisha kifua kikapanda.

Dada akambeba. Taji lilikuwa bado liko kichwani mwake, na mimi sikuthubutu kucheka.

"Ungekuwa fundi mzuri," akaniambia, "huyu angevuta hewa wapi?"

"Dada, si mchezo wa watoto tu?"

"Mchezo wa nani?"

"Lakini mimi nilimwita! Nimeita mpaka koo limekauka. Angeitika tu, mambo yangeisha." Nikamgeukia Chiriku. "Si ulinisikia, mama? Mbona hukuitika?"

Chiriku akamwangalia dada kwanza, kama anayeomba ruhusa. Dada akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaondoa viganja mdomoni.

"Wewe huna taji."